Taita Taveta: Kaunti ya reli na mito inayopitwa na watalii

TRENI ya SGR inapotoka Mtito Andei kuelekea pwani, abiria wengi hugeukia madirisha wakitarajia kuwaona ndovu wekundu wa Tsavo. Baada ya hapo safari huendelea hadi Mombasa. Wanaoteremka Voi ni wachache.

Kwa wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta, hiyo ni biashara inayopita mlangoni. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii, ambayo ilikuwa na watu 340,671 katika sensa ya 2019. Ada za kuingia mbugani huenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na kwa miaka mingi viongozi wa huko wamedai mgao. Mwananchi wa kawaida huona faida pale mgeni anapolala, anapokula na anapokodi gari katika eneo lake.

Reli ndiyo iliyoupa mji wa Voi uhai. Ujenzi wa reli ya kwanza ulianza Mombasa mwaka 1896, na 1898 mafundi walikuwa wakijenga daraja la Mto Tsavo simba wawili wa kiume walipoanza kuwanyakua wafanyakazi kambini. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua Desemba mwaka huo. Alidai kuwa walikuwa wamekula watu 135, ingawa watafiti wa baadaye wanakisia idadi ndogo zaidi. Leo simba hao wamehifadhiwa katika makumbusho ya Field, Chicago, nchini Marekani.

Kutoka Voi kuna reli nyingine ya zamani inayoelekea Taveta. Jeshi la Uingereza lilianza kuijenga 1915 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Wajerumani kuuteka mji wa Taveta Agosti 1914. Mgeni anayependa historia anaweza kufuata njia hiyo kupitia Maktau hadi kilima cha Salaita, palipopiganwa vita vikali Februari 1916, na kuzuru makaburi ya wanajeshi yanayotunzwa vizuri Voi, Maktau na Taveta.

Kwa wapenda mandhari, maji ndiyo kivutio kikuu. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutokana na mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu na kupenya chini kupitia mawe ya volkano. Kuna chumba cha kioo kilichojengwa chini ya maji ambamo mgeni hutazama samaki, na akiwa na bahati humwona kiboko. Sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Yanayobaki huingia Mto Tsavo, ambao hukutana na Athi na kuwa Galana. Mpakani na Tanzania kuna maziwa ya Chala na Jipe, na mawingu yakiondoka Mlima Kilimanjaro huonekana waziwazi.

Asiyetaka joto la tambarare apande Wundanyi. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208, na katika mabaki ya misitu ya milima hiyo wamo ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani. Abebe sweta, kwa kuwa usiku huwa na baridi. Mboga za huko huteremshwa hadi masoko ya Mombasa, huku ndizi za Taveta, zinazonyunyiziwa maji ya Mto Lumi na chemchemi za Njoro, zikisafirishwa kwa malori hadi miji mikubwa.

Hata hivyo, kinachomvutia mtalii ndicho kinachomnyima mkulima usingizi. Ndovu wakitoka mbugani, shamba la mahindi linaweza kuisha kwa usiku mmoja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatoa fidia, ikiwemo Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, lakini malalamiko ya kucheleweshewa malipo hayajakoma.

Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamepata msaidizi mdogo: nyuki. Tangu 2009, wakishirikiana na shirika la Save the Elephants, wamekuwa wakizungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira naye hukimbia. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba katika kilele cha msimu wa mazao, ua hizo zilizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Mkulima hubaki na mahindi yake na asali ya kuuza. Tatizo ni ukame: maua yakikosekana, nyuki huhama na ua hubaki waya mtupu.

Unaweza kufika kwa treni ya asubuhi inayosimama katika vituo vya njiani. Ukitoka Nairobi au Mombasa, utateremka Voi. Lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji, na matatu za Mwatate, Wundanyi na Taveta hupatikana stendi. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndiyo bora kwa kuwaona wanyama kwani huja kwenye maji.

Panga kukaa angalau siku mbili. Lala Voi au Wundanyi, nunua ndizi Taveta na ulizia asali ya Sagalla. Mkulima anayepata kitu kutokana na mgeni ana sababu ya kumvumilia ndovu. Asiyepata chochote humwona kuwa hasara tu, na hapo mbuga, ndovu na mkulima wote hupoteza.