Tabibu wa kweli haogopi kuulizwa cheti

Wengi wetu tukimwona mtu kavaa koti jeupe, au kanzu na kilemba, tunamwamini kabla hajasema neno. Matapeli wanalijua hilo. Katika miji mingi ya Tanzania, nguzo za umeme hubandikwa matangazo ya "Mganga kutoka Sumbawanga". Jina la mji wetu limefanywa mtaji.

Hapa kwetu Ufipa nako, mjini na vijijini, jihadharini na watu wa aina tatu. Wa kwanza hujiita daktari, na chupa yake moja eti inatibu kisukari, presha, kifua na ugumba. Wa pili hujiita shehe, hupiga ramli kisha hudai fedha ya kafara. Wa tatu hujiita bwana afya, hukagua choo chako na kutaka faini mkononi.

Hasara yake si fedha tu. Mwenye kifua kikuu akipoteza miezi kwa chupa ya tapeli, huwaambukiza mke na watoto anaolala nao chumba kimoja. Ilhali vipimo na dawa za ugonjwa huo hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwa kawaida dozi ni miezi 6. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda kapime makohozi.

Basi tufanyeje?

Kwanza, uliza cheti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza. Mwenye cheti atakuonyesha, asiye nacho atakasirika.

Pili, nunua dawa katika duka lenye kibali, na utazame tarehe ya mwisho wa matumizi.

Tatu, bwana afya mwambie mwende wote kwa mtendaji. Usilipe bila stakabadhi ya serikali.

Nne, anayekuharakisha, au anayekwambia usimweleze mumeo au mkeo, mkimbie.

Ama ramli, Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwaendea watabiri, na ametuhimiza kujitibu. Kilemba hakihalalishi kilichoharamishwa.

Aliyekwisha tapeliwa asione haya. Atoe taarifa kwa mtendaji au polisi, maana tapeli akitoka kwako anabisha hodi kwa jirani.

Wabillahi tawfiq.