Doa jeusi chini ya mguu lisipuuzwe

Hapa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, mtu akipata kidonda cha unyayo tunasema ni mwiba tu. Lakini doa jeusi linalopanuka, mstari mweusi chini ya ukucha, au kidonda kisichopona chaweza kuwa melanoma, kansa ya ngozi iliyo adimu. Kwetu watu weusi mara nyingi huanzia mguuni, wala si jua linaloileta. Mwimbaji Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977. Akafariki 1981, akiwa na miaka 36. Daktari hukata kipande kidogo kikapimwe kwa hadubini, na hupapasa mitoki ya kinena. Ikikutwa mapema, upasuaji unaweza kuiponya. Tusiichome wala kuichanja. Tutazame nyayo za wazee wetu, tuwapeleke hospitali mapema.