Nani Anabaki Mpaka Wimbo wa Mwisho?

Msimu wa korosho ukishachanganya, kuanzia Oktoba, Mtwara hubadilika. Minada inaanza, fedha za wakulima zinaingia mifukoni, na wasanii wa Dar es Salaam hawachelewi kushuka kusini. Majukwaa yanafungwa viwanjani, spika zinapangwa kama ukuta, na gari la matangazo linapita hadi Ziwani, Madimba na Msimbati likiwaita watu mjini. Mimi ni mpenzi wa muziki wa jukwaani, hasa ule wa magitaa makali, roki, na katika tamasha lolote la wazi kuna jambo moja ambalo siachi kuliangalia: wanawake wanaanza kuondoka saa ngapi.

Mara nyingi ni saa nne usiku hivi, msanii mkubwa hajapanda bado. Ukiwauliza watakwambia watoto, watakwambia usafiri, watakwambia usingizi. Muulize dada yako au mkeo, mtu ambaye hana sababu ya kukuficha, utaambiwa ukweli. Uwanja hauna choo. Au kipo kimoja, hakina taa, maji yamekwisha tangu magharibi na mlango haufungi. Mwanamume atazunguka nyuma ya ukuta, jambo ambalo nalo ni aibu, kisha atarudi kucheza. Mwanamke amelipa kiingilio kilekile, lakini anakwenda nyumbani.

Kwa hiyo nasema bila kuuma maneno: choo ndicho kinachoamua nani ni mwenyeji wa mahali pa umma na nani ni mpita njia. Hilo ni kweli kwa tamasha, kwa soko, kwa stendi, kwa gati la kivuko cha Msangamkuu na kwa viwanja vya mikutano ya siasa. Tunajadili taa za barabarani, mabenchi, mabomba ya maji na vibanda vya kusubiria gari, na yote ni mambo ya maana. Lakini mtu anaweza kusimama juani saa nzima kwa kukosa benchi. Haja haisubiri saa nzima.

Wapo wanaodhani habari ya vyoo imeletwa na wafadhili. Si kweli kwa watu wa pwani. Magofu ya Gede, karibu na Malindi nchini Kenya, ni ya mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, na nyumba zake za mawe zina vyoo vya shimo ndani kwa ndani, pamoja na mahali pa kujisafishia kwa maji. Kilwa Kisiwani, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, kasri la Husuni Kubwa lilikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane, likitazama bahari. Na mpaka leo, ukishikwa na haja Mikindani au mji wowote wa mwambao, unaulizia msikiti ulipo. Pale kuna choo, kuna maji, na hakuna anayekuuliza kabila wala umetoka wapi. Kwa karne nyingi msikiti umebeba mzigo huu kimya kimya, kwa sadaka za waumini, na sijaona halmashauri ikiushukuru.

Serikali nayo ilishaonyesha kwamba ikiamua inaweza. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria, kichocho, kuhara na maji safi, halafu wakainuka kwenda kufanya walichokubaliana. Vyoo vilivyochimbwa vinahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Napenda sana mpangilio ule, kwa sababu haukuishia kwenye hotuba. Kipindi kikizimwa, majembe yanatoka. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, ikaja Nyumba ni Choo, na balozi wake akawa Mrisho Mpoto, mshairi na mwanamuziki. Muziki ukaingia chooni kwa mlango wa mbele, na watu wakacheka, wakaimba, wakajenga.

Kujenga kwenyewe huku kwetu si jambo dogo. Katika vijiji vya mchanga, ukanda wa Msimbati kuelekea mdomo wa Ruvuma, kuchimba shimo ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ni kulizuia lisibomoke. Maji ya chini yako karibu, mchanga haushikani, na masika ikikaza kuta zinaporomoka na choo kizima kinakwenda nazo. Lazima ujengee kwa tofali, au ushushe mapipa ya chuma yaliyotobolewa, na hiyo ni fedha ambayo mvuvi anaipata kwa bahati. Ndiyo sababu bado wapo wanaomaliza haja ufukweni, wakiiachia bahari kazi iliyobaki. Siwalaumu wao kabla sijauliza bei ya saruji imefika ngapi kijijini kwao.

Tazama lakini majina ya kampeni zetu. Nyumba ni choo. Ni sawa, lakini mtu hakai nyumbani siku nzima. Anakwenda sokoni, feri, mahakamani, hospitali, uwanjani. Huko nje amewekewa nini?

Amewekewa choo cha kulipia, na mimi ni mtetezi wa choo cha kulipia pale kinapotunzwa. Fika kwenye stendi yoyote kubwa ya kusini alfajiri, mabasi ya Dar yakiwa yanapakia. Mlangoni kuna meza ya mbao, na juu yake sahani ya plastiki ya sarafu na karatasi za chooni zilizokatwa na kukunjwa vipande vipande. Chini zimepangwa ndala za plastiki, kushoto ya kijani na kulia ya bluu, ili abiria asiingie na viatu vyake. Ndani kuna pipa la maji na makopo, maana mtu wa pwani ukimpa karatasi bila maji hujampa kitu. Simu ya dada anayekaa pale imeegemezwa kwenye sahani, inapiga muziki. Ada ni 200 au 300. Abiria anatoa noti ya elfu kumi, konda anapiga honi, chenji hakuna, na dada anamwambia, "Nenda tu kaka, ukirudi utanipa." Kila baada ya watu kadhaa anainuka na ndoo na brashi, anamwaga maji na dawa, anarudi kukaa.

Mzabuni amelipa halmashauri ili akusanye ada hizo. Shimo likijaa ni lazima aite gari la majitaka, na gari hilo si rahisi kwa bei. Maji anayalipia. Katika mnyororo wote huu, anayebakiwa na kidogo kabisa ni yule aliyeshika brashi, na ndiye ambaye asipokuja siku moja stendi nzima inajua. Nikisikia mtu anamfokea kwa ajili ya shilingi 200, huwa nasikitika kwa dhati.

Kutoka hapo basi linaanza safari ya zaidi ya kilomita 550. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, tuliondokana na kulala ng'ambo ya Rufiji tukisubiri kivuko, na lami imepunguza saa. Kilichobaki vilevile ni kuchimba dawa. Basi linasimama kwenye kichaka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kanga zinatandazwa kuwa kuta. Bibi mwenye magoti mabovu anashushwa kwa kushikwa mikono. Mgonjwa wa kisukari anaona haya kumwomba dereva asimame tena. Wanawake wengi hawanywi maji kabisa tangu usiku wa kuamkia safari, na daktari yeyote atakwambia kujinyima maji na kubana mkojo kutwa nzima kunaalika maradhi ya njia ya mkojo. Barabara ya kimataifa haiwezi kuitwa imekamilika kwa sababu ya lami peke yake.

Sasa nirudi kwenye roki, maana nikiitaja Mtwara watu hudhani naota. Husema ni kelele za Wazungu. Hapana. Sikio lililokulia kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, vinganga vikilia kwa sauti kali ya juu na ngoma nyingine zikijibu, haliwezi kuogopa ngoma za roki. Gitaa la umeme lenyewe tumelala nalo na kuamka nalo. Mtu anayemsikiliza Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz akipiga solo, akaifuata mpaka inapopanda na kukataa kushuka, ameshakielewa kile ambacho mashabiki wa roki wanakitafuta. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na Sunburst, kundi lililochanganya roki na midundo ya nyumbani. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, na miaka 40 baadaye ikatolewa upya Ulaya, wageni wakashangaa kwamba muziki kama ule ulitoka kwetu. Wengi wetu hatujausikia bado. Mazingira yalikuwa magumu pia: Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na kwa viongozi wa wakati ule kila sauti yenye harufu ya Marekani ilikuwa ya kutiliwa shaka.

Na yupo Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury. Familia yake iliondoka mwaka 1964. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la uwanja wa Wembley, London, alipewa kama dakika 20 tu, na watu zaidi ya 70,000 wakapiga makofi kwa mpigo mmoja mbele yake. Siwezi kukubali kuambiwa kwamba muziki ambao mmoja wa vinara wake alizaliwa kwenye visiwa vyetu hauna mlango wa kuingilia pwani hii. Nairobi wameshaufungua. Makundi kama Crystal Axis na Duma yamepiga muziki mkali kupindukia, na vijana wakaujaza ukumbi.

Lakini roki yenyewe ina somo la vyoo ambalo wapenzi wake hatulisemi. Agosti 1969, huko Bethel katika jimbo la New York, watu wapatao 400,000 walikusanyika Woodstock kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Vyoo vya kuhamishika vilikuwa kama 600. Piga hesabu: kimoja kwa watu zaidi ya 600. Jimi Hendrix, nyota mkubwa kuliko wote, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, na wengi sana walikuwa wameshaondoka. Mvua, tope, njaa na kazi za Jumatatu viliwaondoa, na uchafu ule haukumsaidia yeyote kubaki. Filamu ya hali halisi ya tamasha lile, iliyopata tuzo ya Oscar, inamwonyesha kwa dakika chache mzee aliyeajiriwa kusafisha vyoo. Ananyonya uchafu kwa mpira, anasugua, anaweka karatasi mpya, uso mkunjufu. Anaeleza kwamba ana mwana mmoja mle kwenye umati na mwingine yuko vitani Vietnam. Kwangu mimi hakuna mpiga gitaa katika filamu ile anayemzidi. Anawasafishia watoto wa watu wote kama wake, kwa sababu wake yumo.

Kinyume chake ni CBGB, klabu ya New York iliyofunguliwa mwaka 1973 na kulea muziki wa punk. Vyoo vyake vilikuwa vichafu kiasi cha kuwa hadithi, na mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan likajenga mfano wake kwa ajili ya maonyesho. Muziki uliotoka pale naupenda. Kuutukuza ule uchafu sikubaliani nako hata kidogo. Uasi wa gitaa uwe kwenye gitaa. Msichana aliyekuja kuimba hapaswi kulipia uhuru wa wengine kwa kukanyaga mikojo.

Ninachokitaka Mtwara kinawezekana bila mfadhili. Ujerumani, mji wa Aalen ulianzisha utaratibu ambao miji mingine mingi imeuiga: migahawa inabandika alama mlangoni, mpita njia yeyote anaruhusiwa kutumia choo, na manispaa inawalipa wenye migahawa kidogo kwa usafi. Sisi tuna hoteli, baa na migahawa toka Shangani hadi Chikongola, na halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho kila msimu. Basi la Dar lipangiwe vituo viwili vyenye vyoo na maji, na kituo kisichotunzwa kifutwe.

Matamasha nayo yaandikiwe masharti kwenye kibali chenyewe, si kwa maneno ya mdomo. Matundu ya wanawake yawe mara mbili ya yale ya wanaume, maana wanatumia muda mrefu zaidi, wana nguo za kushughulikia, wana watoto, wana siku zao. Kiwepo chombo chenye kifuniko cha kutupia pedi. Choo kimoja kiwe cha kukalia, chenye mlango mpana, kwa wazee na wenye ulemavu. Taa ziwake njia nzima kutoka jukwaani, si mlangoni pekee. Pipa la maji lijazwe kabla ya saa mbili na tena saa nne. Wasafishaji walipwe na mwandaaji kabla msanii hajapanda, na tiketi iongezwe shilingi 500 kwa kazi hiyo. Nitailipa kwa furaha, na naamini akina mama wa Mtwara watailipa kabla yangu.

Akitokea mwandaaji wa kuleta bendi ya roki hapa, jukwaa moja na wapiga mapiko, aanze kwa kwenda stendi alfajiri na kumuuliza yule dada wa mezani. Anajua watu mia wanamaliza mapipa mangapi ya maji, anajua foleni ya wanawake inasimama wapi na kwa nini, na anajua ni saa ngapi mlango unavunjika. Amlipe ushauri wake kama anavyomlipa fundi wa spika.