Maana za Kielezi "Presently" katika Kiingereza

Mtu asomaye Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James ataona, katika Mathayo 21:19, kwamba mtini uliolaaniwa ulinyauka "presently". Akilichukua neno hilo kwa maana litumiwayo Uingereza leo, atadhani kwamba mti ule ulikawia kidogo kabla ya kukauka. Na hapo muujiza wenyewe umepungua, maana wanafunzi katika aya ifuatayo wanastaajabia upesi wa jambo lile. Wafasiri wa 1611 walikusudia papo hapo. Masahihisho ya Kiingereza ya mwaka 1881 yaliliondoa neno hilo pale, yakatia "immediately". Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ya mwaka 1952, ina "mara", nayo haina utata.

Asili ya neno ni Kilatini, praesens, yaani kilichopo mbele ya mtu, nalo lilipitia Kifaransa. Kwa hiyo maana zake za kwanza zilikaa karibu na wakati uliopo: "sasa", na "papo hapo". Maana ya "punde" ilizuka baadaye, hata ikatawala Uingereza. Maana ya "sasa" haikufa: ilibaki Scotland, na Marekani yatumika sana mpaka leo, ingawa wako Waingereza waihesabuo kuwa kosa. Hukumu hiyo ni dhaifu, kwa kuwa maana waikataayo ni ya kale kuliko ile waitetеayo.

Wala neno hili si la pekee. "Soon", ambalo katika Kiingereza cha Kale lilikuwa sona, lilimaanisha papo hapo. "Anon" vivyo hivyo. Katika tamthilia ya Shakespeare, Henry IV, sehemu ya kwanza, mtumishi wa kilabuni aitwaye Francis huitikia "anon" kila aitwapo, na huku haendi. Chanzo cha mabadiliko ndicho hicho: aahidiye upesi hukawia, na neno hukawia pamoja naye. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwani aijua "sasa hivi" ya fundi cherehani.

Mfasiri, basi, hana budi kutazama kwanza tarehe ya maandishi na nchi ya mwandishi. Katika maandishi ya leo kitenzi nacho humsaidia: kikiwa cha wakati uliopo, "presently" ni "sasa", kikiwa cha wakati ujao, ni "punde", na katika masimulizi ya mambo yaliyopita, ni "baada ya kitambo kidogo".