Je, Wajua Dirisha Lako Linaingiza Joto Kiasi Gani?

Jua la saa kumi jioni likilipiga dirisha linalotazama magharibi pale Tabata au Mbezi, siku ambayo anga haina wingu, kila mita ya mraba ya kioo hupokea nishati ya wati 600 hivi. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya nishati hiyo. Piga hesabu kwa dirisha la sebuleni la mita 1.5 kwa 1.2: karibu wati 900 zinaingia ndani, sawa na kuacha pasi ya umeme imewashwa katikati ya sebule. Kiyoyozi kizuri huondoa takribani wati 3 za joto kwa kila wati 1 ya umeme. Kwa hiyo dirisha hilo moja, kwa saa tatu za jioni, linakula karibu uniti nzima ya LUKU. Wengi wetu tumeyapanga mawili au matatu upande huohuo, kwa sababu ndiko barabara iliko.

Joto likishaingia halitoki kirahisi. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo kwa mawimbi mafupi, ukatua sakafuni, kwenye makochi, ukutani. Vitu hivyo vikipata moto navyo hutoa joto, ila kwa mawimbi marefu, na kioo hakiyapitishi. Ndiyo maana saa mbili usiku, jua limeshazama zamani, watu bado wanajipepea.

Ukiingia kwenye maduka makubwa ya vioo ukauliza dirisha linalookoa umeme, utaonyeshwa la vioo viwili. Wazo hilo ni la zamani: Thomas Stetson wa New York alilipatia hataza mwaka 1865. Hewa iliyonaswa kati ya vioo viwili huzuia joto lisipenye. Ya siku hizi hujazwa gesi ya agoni na kupakwa utando wa madini ya fedha, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni. Uwezo wake hupimwa kwa namba iitwayo U, na kadiri namba inavyopungua ndivyo joto linavyopenya kwa shida. Kioo kimoja kina U ya karibu 5.8. Viwili vyenye agoni na utando hushuka hadi 1.1. Kwa mtu wa Oslo, anayeishi kwenye nyuzi 21 ndani huku nje maji yameganda, tofauti hiyo ni fedha nyingi.

Pwani hesabu ni nyingine kabisa. Tuseme kiyoyozi kimeshusha chumba hadi nyuzi 24 na nje ni 32. Pengo ni nyuzi 8 tu, na joto linalopenya kioo kimoja cha dirisha letu kwa sababu ya pengo hilo ni wati 80 na ushee. Jua peke yake linaleta 900! Anayelipia vioo viwili vyeupe ili apoze nyumba ya Dar es Salaam amefunga mlango mdogo na kuacha lango wazi.

Namba ya kuulizia ni ile ya pili, SHGC, ambayo bidhaa za Ulaya huiandika g. Inaeleza ni sehemu gani ya joto la jua inayopita: 1 ni lote, 0 ni hakuna. Kioo cheupe kina 0.8 na zaidi. Chenye utando wa kuchuja jua kinaweza kushuka chini ya 0.4. Vile vya kahawia na bluu vinavyopendwa sana viko kwenye 0.6 hivi, na vina hila yake: vinalimeza joto, vinapata moto vyenyewe, kisha sehemu ya moto huo vinaitoa ndani. Tena karibu nusu ya nishati ya jua haionekani kwa macho, hivyo weusi wa kioo hauthibitishi ubaridi. Unaweza kuishia kuwasha taa saa nane mchana ndani ya chumba kilekile chenye fukuto.

Hata hivyo, hakuna kioo kinachoshinda kivuli. Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Desemba huwa kusini, nyuzi 73. Paa lililojitokeza sentimita 60 litaufunika ukuta wa kaskazini kwa mita 1, na wa kusini kwa mita 2. Upande wa magharibi, saa kumi na moja jioni, paa hilohilo halitoi kivuli cha hata sentimita 30. Huko kunahitaji baraza, mwarobaini, au shata za mbao kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo zikifungwa huzuia jua na bado upepo unapenya. Au weka stoo na bafu upande huo, yaishe.

Sasa upepo, na hapa nina ugomvi na fasheni. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, hata ukilifungua lote, linakupa nusu tu ya upana wake. Nusu nyingine daima ina kioo. Luva, vile vipande vya kioo vinavyolazwa kwa kikono na ambavyo tumeving'oa kwa kuviona vya kishamba, hufunguka karibu eneo lote, tena unaweza kuviinamisha mvua isiingie. La bawaba nalo hufunguka karibu lote. Kusi na kaskazi vinavuma bure, mradi chumba kina pa kuingilia na pa kutokea. Kwa haki, luva haifungi kabisa: kiyoyozi kitavuja, vumbi litaingia, na bila grili mwizi anachomoa kipande kimoja kimoja. Njombe au Makete, kwenye baridi, usiiguse. Kule tafuta dirisha linalobana vizuri, na hapo ndipo vioo viwili vinapoanza kuwa na maana.

Basi kabla hujampa fundi wa aluminiamu malipo ya awali, simama kwenye kiwanja chako saa kumi na moja jioni, uone jua linaangukia ukuta upi. Madirisha makubwa yahamishie kaskazini na kusini, ukutani pawekwe ya bawaba au luva zenye wavu wa mbu, na fedha ya vioo vya rangi itumie kurefusha paa.