Mkwaruzo kwenye mfupa humtaja aliyekula

Mkimaliza supu ya mbuzi Jumapili hii, msitupe mifupa yote. Bakizeni mmoja uliopitiwa na kisu na mwingine uliotafunwa na mbwa. Waiteni watoto waitazame juani. Alama ya kisu ni nyembamba na imechimba kama herufi V. Ya jino ni pana zaidi, na chini imeviringika kama herufi U. Wataalamu wa mifupa ya kale huanzia hapohapo, ila wao hutumia hadubini.

Hapa nchini kazi hiyo ilifanyika kwa mifupa ya Bonde la Olduvai. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata huko fuvu lililoitwa Zinjanthropus, na mahali hapo pakakutwa zana za mawe na vipande vingi vya mifupa ya wanyama. Nani aliila nyama ile: watu wa kale, au simba na fisi? Mwaka 1981 Richard Potts na Pat Shipman walieleza walichokiona kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya baadhi ya mikwaruzo mlikuwa na vistari vidogo vilivyokwenda sambamba. Vistari hivyo huachwa na ukingo wa jiwe, si na jino. Kumbe nyama ilikatwa kwa zana.

Mwaka 2023 ikaja habari nzito kutoka Kenya. Briana Pobiner alikuwa akitafuta alama za meno ya wanyama kwenye mifupa iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Akakuta mikwaruzo kwenye mfupa wa muundi wa jamaa wa kale wa binadamu, wenye umri wa miaka milioni 1.45, uliotoka eneo la Turkana. Alichukua nakala ya alama hizo kwa ute unaoganda, kama ule wa madaktari wa meno, akampelekea Michael Pante nchini Marekani. Pante alizipima na kuzilinganisha na alama 898 ambazo asili yake inajulikana. Kati ya alama 11, tisa zilikuwa za zana ya mawe na mbili za meno, zikikaribiana zaidi na za simba. Zile tisa zilikuwa mahali ambapo msuli wa ndama ya mguu hushika mfupa, ishara kwamba aliyekata alitaka nyama. Lakini hadubini haikuweza kusema kama mkataji alikuwa wa jamii moja na aliyekatwa.

Hayo yanatuhusu Njombe na Makambako. Basi la kwenda Iringa hupita Isimila, kilomita 20 hivi kabla ya mjini, ambako korongo lilifichua zana za mawe na mifupa ya viboko wa kale. Makorongo yapo kwetu pia, na watoto hucheza humo.

Basi wafundisheni: wakiona mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, wasiuchokonoe kwa msumari wala kuusugua kwa brashi. Mkwaruzo wa leo unaweza kufuta ule wa kale. Wasiung'oe, kwa sababu udongo unaouzunguka ndio husaidia kujua umri wake. Wapige picha kwa simu, waweke sarafu pembeni ioneshe ukubwa, kisha mzazi atoe taarifa ofisi ya kijiji au mtaa.