Mti wa Mbele ya Nyumba Yako

Msomaji, ukipita katika mitaa yetu mwishoni mwa kiangazi utaona jambo la kusikitisha. Kando ya barabara vimesimama vijiti vikavu kwa mstari, kila kimoja kimefungwa kwenye nguzo yake. Hivyo vilikuwa miti. Watu walikusanyika, wakachimba mashimo, wakapiga makofi, kisha wakaenda zao. Mvua ilipokwisha hakuna aliyerudi na maji.

Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko ili watu wapande miti katika Kenya yote. Sisi wa ofisi yetu tulipanda miche 12 kando ya barabara. Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa nyingi mno, miche ikasitawi, nasi tukadhani kazi imekwisha. Jua la Februari likatuonyesha kosa letu. Leo iliyo hai ni miwili tu, nayo yote iko mbele ya banda la fundi viatu. Yeye hakusoma kitabu cho chote cha misitu. Alikuwa akiimwagia maji kila alipofunga kazi, basi. Mche wangu mimi, uliokuwa chini ya dirisha langu, ulikufa nikiutazama.

Kwa hiyo nataka kukueleza namna ya kupata mti wa mbele ya nyumba yako, na namna ya kuutunza mpaka uweze kusimama peke yake.

ULIZA KWANZA

Ardhi iliyo kati ya ukuta wako na barabara si yako, ni ya barabara. Nenda katika ofisi ya kaunti inayohusika na mazingira, ueleze unataka kupanda nini na wapi, na uombe ruhusa ya maandishi. Hii si kazi bure. Chini ya ardhi hiyo huenda kuna bomba la maji au la maji machafu, na huenda barabara yenyewe itapanuliwa. Ni afadhali kujua kabla ya kuchimba kuliko kung'olewa mti wenye miaka kumi.

Usipande mti mrefu chini ya waya za umeme. Usipande kwenye pembe ya njia panda, maana dereva hatamwona mtoto anayevuka. Mti mdogo uwe hatua tatu kutoka ukutani, na mti mkubwa hatua saba au zaidi. Kama nafasi ni ndogo, panda mti mdogo.

CHAGUA MTI UNAOFAA

Katika sehemu za joto, kama Pwani, mwarobaini huvumilia jua na ukame. Katika nyanda za juu kuna mringaringa, ambao Wakikuyu huuita muringa. Una kivuli kizuri na maua meupe. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, lakini imezoea Nairobi kabisa, na maua yake ya zambarau huonekana kila mwaka karibu na mwezi wa Oktoba. Mkaratusi uache mbali na nyumba, kwa sababu hunywa maji mengi na matawi yake huweza kuanguka.

Na mugumo je? Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way ulitakiwa kuondolewa. Watu walilalamika, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Mti ule una urefu kama wa nyumba ya ghorofa nne. Mti wa namna hiyo ni fahari ya nchi, lakini ukiupanda karibu na ukuta wako, mizizi yake itauinua. Uupande penye uwanja mpana.

Miche hupatikana katika vitalu vya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), vya vikundi vya akina mama, na vya watu binafsi. Usichague mche kwa urefu tu. Tafuta wenye shina nene, lililonyooka, na majani yasiyo manjano. Uinue utazame chini. Kama mizizi imetoboa mfuko na kuingia ardhini, uache, itakatika ukiung'oa.

KUPANDA

Panda mvua inapoanza kukolea, si inapokaribia kwisha. Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu uweke upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na karai moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza mizizi.

Pasua mfuko na uuondoe wote, bila kuvunja bonge la udongo. Mizizi iliyojizungusha chini uinyooshe au uikate. Tia mche shimoni ili usimame katika kina kile kile uliokuwa nacho kitaluni. Shina likifukiwa huoza. Rudisha udongo, ushindilie kwa mguu pole pole, kisha ufanye kingo ndogo kuzunguka mche ili maji yasikimbie. Tandaza nyasi kavu juu, lakini zisiguse shina.

MAJI

Hapa ndipo miti mingi hufa. Mtu hunyunyiza kikombe kimoja kila siku, udongo wa juu unalowa, mizizi ya chini haipati kitu. Mvua ikikatika, mpe mti wako debe moja, yaani lita 20, mara mbili kwa juma, ukimimina pole pole ili maji yazame. Maji uliyooshea mboga yanafaa sana. Yenye dawa ya kung'arisha nguo au mafuta usiyatumie. Fanya hivyo kwa kiangazi cha kwanza na cha pili. Baada ya hapo mizizi itajitafutia yenyewe.

KUUKINGA

Mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya mwaka kwa dakika moja. Zungushia mche fito au miiba. Ukiufunga kwenye nguzo, tumia kamba laini, na usikaze. Uifungue baada ya mwaka mmoja isije ikalikata shina. Matawi ya chini yaondoe machache kila mwaka. Kata mahali tawi linapotokea, usiache kisiki kirefu wala usilijeruhi shina.

Usipigilie misumari ya matangazo, usichome takataka chini yake, wala usimwage saruji mpaka shinani. Uache angalau mita moja ya udongo wazi kila upande, mti upate maji na hewa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka Serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia 10 au zaidi ya ardhi ya Kenya. Lakini mashimo hayahesabiwi, wala makofi. Inayohesabiwa ni miti iliyo hai, na mti wa barabarani huishi pale tu mtu mmoja anaposema, "Huu ni wangu kuutunza."

Mimi nimekwisha pata ruhusa ya kupanda mwingine chini ya dirisha langu mvua zikianza. Debe liko tayari nyuma ya mlango. Nawe, msomaji, tafuta lako. Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini.